Boksi la DVD la Beckett on Film: michezo 19 ya Samuel Beckett sehemu moja, ununue au uache?

Kwa wenye haraka najibu hapa hapa juu: nunua. Ukiipata hata ya mtumba, ilimradi diski hazina mikwaruzo, nunua, maana michezo ya jukwaani ya Samuel Beckett ikiwa imekaa pamoja hivi, imechezwa na waigizaji wa kiwango hiki, ni vigumu sana kuipata. Ila kuna jambo moja kasha haliweki mbele na mi naona usipolijua unaangalia nusu nusu. Huyu mzee hakuwa mwandishi tu anayekaa chumbani anatuma karatasi. Alikuwa dairekta, tena dairekta wa kuhesabu hatua na pumzi, na kwenye hili boksi kazi yake imepewa madairekta 19 tofauti, kila mmoja na mchezo wake. Ukishalijua hilo, kila diski unaanza kuona nani kamsikiliza mzee na nani kajifanyia yake.

Twende na kilichomo. Diski 4, filamu 19. Ni michezo yote ya jukwaani aliyoandika, kasoro Eleutheria, ule wa mwanzo wa mwaka 1947 ambao mwenyewe alikataa usichezwe mpaka anakufa, kwa hiyo kuuacha nje naona ni heshima. Wazo lilitoka kwa Michael Colgan aliyekuwa anaongoza Gate Theatre ya Dublin, na mzalishaji mwenzake Alan Moloney. Gate walikuwa wameshafanya tamasha la michezo yote 19 jukwaani mwaka 1991, wakaipeleka New York na London, alafu ndo likaja wazo la kuwaita watu wa filamu. RTÉ na Channel 4, vituo vya televisheni vya Ireland na Uingereza, wakaingia, filamu zikaonyeshwa Dublin mwaka 2001. Majina yaliyokubali ni makubwa: Neil Jordan, Anthony Minghella, Atom Egoyan, David Mamet, Conor McPherson, Karel Reisz. Mbele ya kamera wako John Hurt, Jeremy Irons, Julianne Moore, Alan Rickman, Michael Gambon.

Sasa mtu mwenyewe. Kazaliwa Foxrock, pembeni ya Dublin, tarehe 13 Aprili 1906, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Familia ya Kiprotestanti yenye uwezo wake, baba kazi yake kukadiria gharama za majengo, mama alikuwa nesi kabla ya kuolewa. Kasoma Trinity College, Kifaransa na Kiitaliano, kriketi kacheza mpaka mechi za daraja la kwanza dhidi ya Northamptonshire ya Uingereza, mwaka 1928 akaenda kufundisha Paris, akakutana na James Joyce, mwandishi mkubwa wa Ireland, na hapo maisha yake yakabadilika njia. Miaka ya 30 ilikuwa mibaya kwake, baba kafariki 1933, yeye mwenyewe akaingia kwenye matibabu ya akili London, riwaya hazinunuliwi. Januari 1938 mtu asiyemjua kamchoma kisu barabarani Paris, kisu kikapita karibu na moyo. Alipopona alimuuliza yule mtu kwa nini kafanya vile, jamaa akamjibu kwa upole kwamba hajui, na akaomba radhi. Kila nikiangalia Waiting for Godot, mchezo wake maarufu kuliko yote, pale Pozzo anaporudi kipofu na Lucky bubu na hakuna anayeeleza imekuwaje, nalikumbuka jibu lile.

Vita ndo sehemu ambayo watu wengi wanairuka na mi naona ndo mlango wenyewe. Angeweza kukaa Ireland, nchi ambayo haikuingia vitani, akarudi zake Paris. Akajiunga na kundi la siri la kupinga Wajerumani, kazi yake kupokea vipande vya taarifa, kuvipanga na kuvipiga chapa viende London. Agosti 1942 kundi likasalitiwa. Rafiki yake Alfred Péron alikamatwa na hakurudi. Beckett na Suzanne, mwanamke ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake, wakakimbia, wakafika kwa shida kijiji cha Roussillon kusini mwa Ufaransa, wakakaa huko mpaka Wajerumani walipoondoka, anafanya vibarua mashambani, anasubiri. Vita vilipokwisha akaenda Saint-Lô, mji uliopigwa mabomu mpaka ukawa kifusi, akawa mtunza stoo na mkalimani wa hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Ireland. Ufaransa ilimpa nishani na yeye hakuwa mtu wa kuizungumzia. Kwa hiyo ukiwaona Vladimir na Estragon, wale wawili wa Godot, wamekaa njiani pembeni ya mti mmoja, wanagawana karoti, wanamsubiri mtu ambaye haji, usiambiwe ni mafumbo ya wasomi tu. Aliyeandika alishawahi kutembea usiku na kujificha mchana, na alijua njaa ya kubakiwa na mzizi mmoja mfukoni.

Waiting for Godot aliiandika kwa Kifaransa kati ya Oktoba 1948 na Januari 1949, ikapanda jukwaani tarehe 5 Januari 1953 pale Théâtre de Babylone, ukumbi mdogo Paris, Roger Blin ndiye muongozaji. Kuanzia hapo dunia ikamjua. London 1955, Dublin 1955 hiyo hiyo, mwaka 1957 ikachezwa ndani ya gereza la San Quentin kule California, na wafungwa waliielewa kuliko watu wengi waliokuwa wanalipa tiketi. Mmoja wa wafungwa wa pale, Rick Cluchey, baadaye alianzisha kundi la maigizo, akatoka jela, na miaka 20 baada ya onyesho lile, 1977, akawa amesimama Berlin anaigiza Krapp, mzee anayesikiliza kanda alizojirekodi zamani, na anayemuongoza ni Beckett mwenyewe. Mtu aliyekuwa na kifungo cha maisha, anafundishwa na mshindi wa Tuzo ya Nobel namna ya kusikiliza kanda. Mi hiyo habari inanigusa kila mara. Nobel yenyewe alipewa 1969, habari ikamkuta Tunisia, mji wa Nabeul, akabaki huko huko, mchapishaji wake Jérôme Lindon akaenda kuipokea kwa niaba yake.

Haya, Beckett dairekta. Kuanzia 1967 akawa anaenda Schiller-Theater ya Berlin Magharibi kuongoza michezo yake kwa Kijerumani: Endgame mwaka huo, Krapp 1969, Happy Days 1971, Godot 1975, na mingine baadaye. Alikuwa anafika mazoezini ameshashika mchezo wote kichwani kwa Kijerumani, mkononi daftari la viboksi vidogo vidogo limejaa michoro: nani anatokea kushoto, anapiga hatua ngapi, anasimama wapi, kimya kinakaa muda gani, neno gani la kitendo cha kwanza linarudi kitendo cha pili. Jukwaa analipima kama fundi anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Kwenye Godot ya 1975 alimchukua Stefan Wigger mrefu na Horst Bollmann mfupi, akawavalisha nguo za kubadilishana, koti la mmoja linafanana na suruali ya mwenzake, kitendo cha pili zinageuka, hazimkai vizuri hata mmoja. Akaweka na vituo vya kimya kabisa ambapo wote wanaganda, usikie kusubiri kwenyewe. Alafu bila woga akawa anakata na kubadilisha mistari yake mwenyewe akiona jukwaani haifanyi kazi. Watu wanadhani alikuwa mkali kwamba herufi isiguswe, kumbe yeye mwenyewe ndo alikuwa anaigusa, alichokataa ni mtu mwingine kuigusa bila sababu ya kutoka ndani ya mchezo wenyewe.

Na waigizaji aliwafundisha kama muziki. Billie Whitelaw, mwigizaji aliyempenda kuliko wote, aliambiwa mara kwa mara apunguze rangi, maana yake usiigize, usitie hisia juu ya sentensi, sentensi yenyewe inatosha. Kwenye Footfalls, mchezo wa mwanamke anayetembea huku na huku nje ya mlango wa mama yake mgonjwa, hatua mwanzoni zilikuwa 7, alipoanza kuuongoza akazifanya 9 kwa sababu zile 7 hazikutosha kwa jicho. Mtu mwingine angeona hatua 2 ni kitu gani.

Kwa kipimo hicho sasa tuangalie boksi.

Footfalls ya humu imeongozwa na Walter Asmus, aliyekuwa msaidizi wa Beckett kwenye ile Godot ya Berlin, na unaona wazi huyu mtu alikuwepo chumbani. Susan Fitzgerald anatembea, anageuka, anatembea, mwanga uko chini miguuni, kamera imetulia, sauti ya mama inatoka gizani. Hakuna kilichoongezwa. Godot pia, ingawa dairekta wake wa filamu ni Michael Lindsay-Hogg, imebebwa na Barry McGovern na Johnny Murphy, watu wa Gate ambao Asmus alishawaongoza jukwaani miaka kabla kamera haijafika, kwa hiyo kuna kamba inayotoka Berlin 1975 mpaka kwenye hiyo diski. McGovern anazungumza kwa Kiingereza cha Dublin, na hapo ndo nilisikia kwa mara ya kwanza jinsi hii mistari inavyopiga kama maongezi ya watu wa kawaida wanaochokozana. Tatizo lake ni moja: kamera inawasogelea usoni mno, na Godot inataka uone uwazi wa ile njia, watu wadogo, mti mmoja, mbingu kubwa. Ukikatiwa kichwa na mabega unapoteza upweke wao. Ni saa 2 hivi, usiigawe, kaa nayo yote.

Krapp's Last Tape ndo ninayoirudia zaidi. Mzee wa miaka 69 anasherehekea siku yake ya kuzaliwa peke yake, anakula ndizi, anasikiliza kanda aliyojirekodi akiwa na miaka 39, kijana aliyejaa uhakika anayemuaga mwanamke ndani ya mtumbwi kwa sababu ya kazi kubwa atakayoandika. John Hurt alishaucheza jukwaani kabla ya filamu na inaonekana, mwili unajua kila kitu kilipo. Egoyan, aliyeongoza, kafanya kitu cha busara sana, anaiacha kamera ikae dakika nyingi bila kukata, inasogea polepole mpaka unasahau ipo. Kuna wakati kanda inazunguka na uso wa Hurt haufanyi chochote, na kutofanya chochote ndo kazi yote aliyoitaka Beckett. Hata kama boksi lingekuwa na hii peke yake ningewaambia nunueni.

Catastrophe ni fupi na ina historia ndani ya historia. Beckett aliiandika 1982 kwa ajili ya Václav Havel, mwandishi mwenzake wa tamthilia aliyekuwa gerezani Czechoslovakia. Dairekta katili na msaidizi wake wanampanga mzee mmoja juu ya kibao kama sanamu, mvue kofia, mpake mikono rangi nyeupe, ainamishe kichwa. Hasemi neno. Dairekta kachezwa na Harold Pinter, mzee ni John Gielgud, na hii ndo ilikuwa kazi yake ya mwisho mbele ya kamera, alifariki Mei 2000. Kumuona mtu aliyesifika karne nzima kwa sauti yake akiwa kimya, anatetemeka, alafu anavyoinua kichwa... Mamet kaiongoza kana kwamba tuko mazoezini kweli, na wapo wanaosema kaipunguzia siasa. Mi naona siasa ipo, iko kwenye ile sigara ya Pinter.

Na siasa ya Beckett haikuwa ya maneno. Wakati wa ubaguzi Afrika Kusini alikataa michezo yake kuchezwa mbele ya watazamaji waliotenganishwa kwa rangi. Ndo maana Godot iliyochezwa Baxter Theatre ya Cape Town mwaka 1980, John Kani na Winston Ntshona wakiwa Vladimir na Estragon, ina uzito wake, kwa sababu ukumbi ule ulikuwa wazi kwa watu wote. Natamani sana kamera nzuri ingekuwa imewekwa pale.

Sasa zenye mgogoro. Play ya Minghella: mume, mke na mwanamke wa nje, wote wamefukiwa kwenye mitungi mpaka shingoni, mwanga unamrukia huyu anaongea, unamuacha katikati ya neno unamrukia yule. Kwenye skripti ule mwanga ni kama polisi anayehoji, mmoja tu, hana huruma. Minghella kauondoa, kaweka kamera badala yake, kelele za mashine, picha zinakatika, na nyuma kuna mitungi mingine mingi ya watu wengine wanaopiga kelele kwenye tope. Rickman, Kristin Scott Thomas na Juliet Stevenson wanaongea kwa kasi inayotakiwa, hapo pongezi, maana hata London 1964 Kenneth Tynan wa National Theatre alilalamika maneno yanakimbia mno na Beckett hakurudi nyuma. Ila ile mitungi mingine inaniudhi. Watatu walikuwa wametosha, kila mmoja anadhani yuko peke yake, ukiongeza umati umeshatueleza kwamba hii ni jehanamu ya wote, na mzee hakutaka kueleza.

Not I nayo. Mdomo tu gizani, unamwaga maneno ya mwanamke aliyenyamaza maisha yake yote. Neil Jordan anaanza kwa kumuonyesha Julianne Moore anaingia anakaa kwenye kiti, alafu anaupiga mdomo picha kutoka pembe tofauti. Mtu wa pili wa gizani, yule anayesikiliza, katolewa, hilo silalamiki kwa sababu Beckett mwenyewe alimtoa Paris 1975. Lakini kutuonyesha mtu mzima kabla ya mdomo ni kosa, maana sasa nina uso wa kushikilia. Tafuta ile ya BBC ya Billie Whitelaw uone tofauti, picha moja tu haikatiki, mdomo unageuka kitu ambacho hujawahi kukiona.

Breath ya Damien Hirst ni chini ya dakika moja, takataka za hospitali zinazunguka, kilio, pumzi, kilio. Imepita. Happy Days imepigwa Tenerife kwenye mawe ya volkano, anga ni la kweli, jua la kweli, na hapo ndo shida: Winnie aliyefukiwa mpaka kiunoni anahitaji jua la jukwaani lisilosogea, sio mandhari nzuri. Rosaleen Linehan hata hivyo ni mzuri mno, sauti yake inapanda na kushuka bila kujitangaza. Endgame ya Conor McPherson iko imara, Gambon kakaa kwenye kiti anatawala chumba bila kusogea, na kwa vile McPherson naye ni Muailandi anayeandika na kuongoza mwenyewe, vichekesho havikumpita. Come and Go, wanawake watatu kwenye benchi wenye kofia, John Crowley kaifanya kwa adabu kubwa. Ohio Impromptu inamuonyesha Jeremy Irons mara mbili meza moja, kitu ambacho jukwaani hakiwezekani, na kwa mara hii moja naona filamu imempa Beckett alichokiandika, msomaji na msikilizaji wanaofanana kabisa.

Mapungufu ya boksi lenyewe. Hakuna maandishi ya Kiswahili chini ya picha na Kiingereza cha humu kina lafudhi nzito sehemu nyingine, hasa Godot, kwa hiyo ukipata kitabu cha mchezo kaa nacho mkononi. Michezo ya televisheni aliyoongoza mwenyewe Stuttgart, kama Quad ya 1981, haimo kwa sababu hii ni michezo ya jukwaani tu, na ya redio nayo haimo, kwa hiyo mkono wake mwenyewe kama dairekta huuoni popote kwenye diski hizi, unauona kwa waliofundishwa naye. Na kwa mtu anayetaka stori yenye mwanzo na mwisho na ugomvi wa kutatuliwa, usimnunulie zawadi, mtagombana bure.

Ukishalipata, usianze na diski ya kwanza kwenda ya mwisho. Anza na Krapp, kesho yake Footfalls na Come and Go usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa na simu mbali. Kisha Godot siku ya mapumziko. Catastrophe iangalie ukijua kwamba Beckett alifariki Paris tarehe 22 Desemba 1989, miezi mitano baada ya Suzanne, na siku 7 baadaye Havel akaapishwa kuwa rais. Play na Not I ziache mwisho, ukiwa umeshazoea kasi yake ndo utaweza kubishana nazo. Bei inategemea muuzaji na hali ya kasha, za mtumba zinapatikana mtandaoni kwa wauzaji wa Uingereza na Ireland, ila kabla ya kulipa muulize kama diski zinasoma kwenye mashine ya kwako, kuna matoleo ya Marekani na ya Ulaya na deki nyingine zinachagua.